Kodi ya kuni: niliyowaambia wenzangu Lewiston mwezi wa nne

Haya niliyasema Jumamosi moja ya mwezi wa nne, katika ukumbi wa chini ya kanisa hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Waliokosa kufika wakaomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, nikaacha tu pale nilipokohoa na pale simu ya mtu mmoja ilipolia mara tatu.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, na ninyi vijana mliojibanza nyuma karibu na mlango mkidhani siwaoni: hamjambo? Asanteni kwa kuja. Najua wapo walioshangaa. Theluji inayeyuka, barabara zote matope, watu wanaanika mablanketi, halafu mama huyu anatuita tuzungumze habari za kuni. Baridi si imekwisha? Imekwisha, na ndiyo maana nimewaita leo. Anayenunua kuni mwezi wa kumi ananunua maji. Hilo nitalifikia, msiwe na haraka, chai yenyewe haijachemka.

Mimi ni mzaliwa wa Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wenzetu wa Dar es Salaam na Mombasa waliomo humu hudhani baridi waliikuta Marekani. Kwetu mwezi wa saba ukiamka asubuhi unakuta sakitu imetanda juu ya majani ya viazi kama chumvi iliyomwagwa, na mazungumzo yote ya familia hufanyika jikoni, watu wameyazunguka mafiga wanaota moto. Kwa hiyo kuni nazijua tangu utotoni. Nimezibeba kichwani juu ya kata, kuni za miwati, kutoka bondeni mpaka uani kwetu. Ila kipimo cha kuni kilikuwa kimoja tu, nacho ni shingo. Mzigo ni kile shingo yako inachoweza. Mtoto ana mzigo wake, mama ana mzigo wake, na hapakuwa na mtu wa kuuliza mzigo una ujazo gani.

Nilipopanda ndege kuja huku nilijua mimi na kuni tumeshaagana. Miaka ikapita, tukanunua nyumba nje kidogo ya mji. Siku ya kuingia nikakuta jiko la chuma sebuleni, na nyuma ya nyumba kibanda kitupu. Jirani, mzee wa Kimarekani mwenye ndevu kama za Musa, akaja kutusalimu. Baada ya salamu, swali lake la kwanza likawa tuna kodi ngapi. Mume wangu, ambaye Kiingereza chake kilikuwa bado kichanga, akanigeukia, akaninong'oneza: "Kodi inamhusu nini huyu? Nyumba si tumenunua?"

Mnacheka, lakini mzee alisema "cord", kipimo cha kuni cha huku. Tangu siku hiyo kipimo hicho nyumbani kwetu kinaitwa kodi, na leo nitakiita hivyo hivyo. Kodi ya kuni. Si ya serikali wala ya mwenye nyumba, ingawa usipoangalia utailipa kwa uchungu kuliko hizo mbili.

Sasa, kodi ni nini? Ni nafasi. Lishikeni hilo, maana mengine yote yanatoka hapo. Si uzito, si idadi ya vipande, wala si lori. Ni nafasi ya futi za ujazo 128: urefu futi 8, kimo futi 4, upana futi 4, kuni zikiwa zimepangwa, zimelala sambamba, zimekaa vizuri. Ndivyo sheria ya Maine inavyosema. Mzee wangu wa Uvira, Kongo, aliyekaa hapa mbele ameniambia kwamba wao walizoea kuhesabu kwa steri, yaani mita moja ya ujazo. Basi, mzee, kodi moja ni steri 3 na zaidi ya nusu kidogo.

Na humo ndani si kuni tupu. Vipande vya mti vina mviringo na pembe, haviketi kama matofali. Kuni zenyewe ni futi 80 na kitu, zilizobaki ni hewa. Hewa hiyo ni halali yako, umeinunua kisheria, na inafanya kazi ya kukausha. Ugomvi wangu ni na hewa ya ziada.

Watanzania, mnaikumbuka lumbesa? Kwa wasioijua: mnunuzi anakuja shambani na gunia. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, halafu linaongezewa kichwa juu, viazi vinapanda kama kilemba, vinashonewa kamba, na hesabu inabaki ileile, gunia moja. Baba yangu ameuza viazi hivyo miaka na miaka. Alijua anapunjwa, kijiji kizima kilijua. Serikali ikapiga marufuku, Wakala wa Vipimo wakatangaza wee, na malori yakaendelea kuteremka kutoka Njombe yamepakia magunia yenye vilemba. Kwa nini? Shambani hapakuwa na mizani, na baba alikuwa na ada za shule za kulipa wiki ile ile.

Basi huku nimeikuta lumbesa imegeuzwa miguu juu. Huku anayepunjwa ni mnunuzi, na anachoongezewa ni hewa.

Nisiwafiche, ilinipata mimi mwenyewe. Vuli yetu ya kwanza tuliona tangazo, kodi mbili za kuni kavu, bei nzuri. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, lakini nani anawakumbuka wahenga usiku wa baridi? Mtu akaja na lori la kumwaga, jua linazama, injini inanguruma, akamwaga mzigo uani. Jamani, lilikuwa rundo! Lilikuwa kama kichuguu, watoto wakapanda juu wakapiga picha. Nikatoa pesa taslimu, akahesabu, akaondoka. Risiti hakuna. Hata jina lake sikuandika.

Jumapili mzee wa ndevu akapita, akalitazama rundo, akasema neno moja tu: pangeni. Tukapanga siku mbili. Ikatoka safu moja ndefu kando ya uzio. Akaja na tepu. Urefu futi 30, kimo futi 4, na vipande vyenyewe inchi 16, yaani futi 1 na theluthi. Zidisheni na mimi: 30 mara 4 ni 120, mara moja na theluthi ni 160. Gawanya kwa 128. Kodi moja na robo.

Nililipia mbili. Robo tatu ilikuwa hewa, na watoto waliipanda wakapiga picha.

Nikampigia simu yule bwana. Unajua alinijibu nini? Kwamba nimezibana mno.

Kwa hiyo leo nimekuja na tepu, naomba muizoee. Kuni nyingi za jiko hapa hukatwa inchi 16, kwa sababu ndizo zinazoingia majiko mengi. Safu moja yenye kimo cha futi 4 na urefu wa futi 8 ni theluthi ya kodi. Safu tatu za namna hiyo, kodi kamili. Ukikariri hilo tu umeshaokoka nusu ya matatizo. Kuna wanaouza ile safu moja peke yake wakaiita kodi ya uso. Uso inao kweli, mwili ndio haina. Anayekutangazia bei nzuri ajabu, muulize kwanza: safu ngapi?

Usiishie kimo na urefu. Pima na kipande. Chukua kama kumi kutoka sehemu mbalimbali za safu, maana msumeno wa mvivu hauna nidhamu. Vikitoka inchi 14 badala ya 16, macho yako hayataona tofauti, safu zitasimama vilevile futi 4 kwa 8, nadhifu kabisa. Lakini kila safu itakuwa futi za ujazo 37 na kidogo badala ya karibu 43. Safu tatu zitakupa 112. Zimepotea futi 16, sehemu moja ya nane ya kodi, kwa inchi 2 tu. Kodi moja huku ni dola mia kadhaa, kwa hiyo hizo inchi mbili zina bei.

Kimo nacho usikipime pale palipoinuka. Pima mwanzoni, katikati na mwishoni, kisha tafuta wastani. Na zile nguzo za mwishoni ambazo watu hupanga kwa kupishana, mbili hivi na mbili vile ili safu isiporomoke, ni nzuri kwa kusimamisha lakini zina matundu. Sheria inataka kuni zilale sambamba. Ukimkuta muuzaji amepanga safu nzima kwa kupishana ili ujionee ukubwa, mpongeze kwa ufundi wa kusuka ukili, kisha omba apange upya.

Kijana pale nyuma ananiuliza: na kama muuzaji hapangi, anamwaga tu? Swali zuri. Wengi humwaga, na si wote wezi. Maine inaitambua kodi ya kutupiwa ovyo, ila nayo ina kipimo chake: futi za ujazo 180 kwa vipande vifupi kama hivi vya inchi 16. Kwa hiyo tela lenye urefu wa futi 10, upana 6 na kina 3, likijaa mpaka ukingoni, hiyo ni kodi moja. Pima tela kabla halijamwagwa, ni kazi ya dakika mbili. Ukimwambia mtu mwaminifu unataka kupima tela lake, atakushikia tepu upande wa pili. Mwingine ataanza kutazama saa.

Na pikapu? Pikapu kubwa yenye bodi ya futi 8, ikipangwa vizuri mpaka usawa wa mbavu zake, hubeba kama nusu kodi. Hizi za bodi fupi ambazo ninyi vijana mnazipenda, pungufu ya hapo. Uzito nao unasema ukweli. Kodi moja ya mwaloni mwekundu mbichi inazidi tani 2. Mtu akikujia na pikapu ndogo, springi hazijalala hata kidogo, akakwambia nyuma ana kodi nzima, amekuletea mbuzi kwenye gunia.

Vile vifurushi vya vituo vya mafuta, vilivyofungwa kwa nailoni, mara nyingi ni futi 0.75 za ujazo. Inahitajika kama 170 kutimiza kodi. Hata ukivipata kwa dola 6 kimoja, hiyo kodi imekutoka zaidi ya dola 1,000. Nunueni kwa ajili ya kuchoma nyama kambini, basi.

Sasa nirudi kwenye maji.

Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ule mwaloni wa tani 2 na zaidi, ukikauka unabaki kama tani 1 na nusu hivi. Tofauti ni zaidi ya kilo 500. Hizo ni ndoo 25 za lita 20, ndoo zile zile tulizojitwika kutoka kisimani. Ukitia kuni mbichi jikoni, jiko litazichemsha ndoo hizo zote kwanza, zipande dohani kama mvuke, ndipo likupe wewe kinachobaki. Unalipa, unapasua, unabeba, unawasha, halafu unachemshia mawingu maji.

Na moshi wa kuni mbichi ni mzito na wa baridi. Ukipanda dohani unaganda ukutani, unakuwa kitu cheusi kama lami, kreosoti. Ikijazana, siku moja jiko likikolea inashika moto ndani ya dohani yenyewe. Wanaousikia moto huo husema unanguruma kama treni. Kwa hiyo dohani isafishwe kila mwaka kabla ya msimu, hata kama unaona ni gharama.

Kuni kavu ni zile zenye unyevu chini ya asilimia 20. Kuna kifaa kidogo chenye meno mawili, unakichoma kwenye ukuni kinakusomea namba. Si ghali. Lakini usichome nje, nje hukauka upesi na hudanganya. Pasua ukuni, choma kwenye uso mpya wa ndani. Muuzaji akitangaza "kavu", muombe apasue mmoja mbele yako. Asiye na kifaa ana macho na masikio: ncha zimepasuka nyufa kama kisigino cha mtembea peku, rangi imefifia kuwa kijivu, gome linabanduka. Na mkigonganisha viwili, kavu hulia ko! ko! kama kinu kitupu. Mbichi hutoa sauti ya mtu aliyeshiba ugali.

Kule kwetu mama aliweka kuni kwenye uchaga juu ya moto, moshi wa leo ukakausha kuni za kesho. Kodi nne haziingii uchagani. Huku kinachokausha ni muda na upepo. Nyingi za miti migumu zinahitaji miezi 6 mpaka mwaka baada ya kupasuliwa, na mwaloni unaweza kutaka miaka miwili. Hesabuni wenyewe kutoka leo: zikipasuliwa mwezi huu wa nne, zikapata jua la kiangazi chote, kwenye Novemba nyingi zitakuwa zimefika. Zikipasuliwa mwezi wa kumi, utaota mvuke mpaka Pasaka. Na mwezi huu wauzaji hawana foleni, wanapokea simu, wanajibu kwa upole. Wapigieni Oktoba muone.

Miti nayo. Kwa kuwa unanunua nafasi, tafuta kitu kizito cha kuijaza. Mwaloni mnaujua hata kama hamjauona, ndio ule wa Mamre alikokaa Ibrahimu. Mepo ni ule mti wa jani la bendera ya Kanada, ndio unaotoa ile asali ya maji ya kumwagia chapati zao za asubuhi. Hiyo miwili ni mizito na ina joto. Msonobari mweupe ni mwepesi: nafasi ileile futi 128, joto kama theluthi mbili tu ya mwaloni. Si mbaya, ila usilipe bei moja. Mtasikia watu wakisema msonobari usiingie ndani kabisa, utachoma nyumba. Mimi siamini. Nauchoma kila vuli na mwanzo wa masika, siku ambazo unataka moto wa saa moja tu wa kuondoa ubaridi. Kinachochafua dohani ni maji kuliko jina la mti. Mwaloni mbichi utakuchafulia vilevile, tena kwa bei kubwa.

Jambo moja msinikasirikie. Najua tuna ndugu Massachusetts na New Hampshire, na ndugu akikata mti uani mwake atasema njoo uchukue kuni za bure. Usivuke nazo mpaka. Tangu mwaka 2010 Maine inakataza kuni za nje ya jimbo ambazo hazijapitishwa kwenye joto la kuua wadudu. Kuna mdudu mdogo wa kijani anayeng'aa kama shanga, mabuu wake hula chini ya gome la miti inayoitwa eshi mpaka mti unakufa wima. Mwaka 2018 alionekana Maine kwa mara ya kwanza. Mwenyewe haruki mbali sana. Sisi ndio tunaompa lifti.

Kupanga ni kazi ya mikono zaidi ya maneno, na mtaiona muda si mrefu. Kuni zisiguse udongo; weka palati chini, viwandani huwa wanazitupa, omba. Zikae mahali upepo unapita, safu isiegemee ukuta wa nyumba, maana wadudu wa huku na panya wa huku ni ndugu wa wadudu na panya wa kwetu. Funika juu tu, mbavu ziache wazi. Nimeona wengi wanazizungushia turubai lote kama maiti, kuni zinatoa jasho humo ndani zinaota ukungu. Wazee wa hapa wana msemo wao kwamba kati ya ukuni na ukuni panya apite, lakini paka anayemfukuza asipite. Huo ndio ubanaji. Yule bwana wa lori alitaka apite na mbwa.

Watoto wapangeni nao. Wa kwangu mdogo alijifunza sehemu za hesabu pale kando ya uzio, theluthi na robo, kabla mwalimu wake hajazifikia.

Sasa nasema jambo ambalo sitalicheka. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba hizi. Sijali umeme umekatika, sijali watoto wanatetemeka. Kule nyumbani pia tumezika watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, tukasema wamelogwa. Hawakulogwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, isiyo na rangi, nayo inaua mtu akiwa usingizini. Nyumba za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke, kwa hiyo sumu nayo haitoki. Jiko la kuni lenye dohani nzuri ni kitu kingine, na hata hilo liwekewe king'ora cha hewa hiyo, kimoja kila ghorofa, karibu na mnapolala. Na majivu yatoke kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, yawekwe nje mbali na baraza la mbao. Kaa unaweza kulala ndani ya majivu siku kadhaa, ukadhani umekufa, kumbe unasikiliza upepo.

Mliopanga nyumba, jiko la kuni halisimikwi bila ruhusa ya mwenye nyumba na bima yake. Hilo limepita.

Dada aliyebeba mtoto ameuliza anunue kodi ngapi. Inategemea, dada yangu. Nyumba inayotegemea kuni peke yake huweza kula 4 mpaka 6 kwa msimu. Kama una mashine ya mafuta ya kupashia nyumba joto na kuni ni za kusaidia, anza na 2, na mwezi wa pili angalia zimebaki ngapi. Wazee wa hapa husema katikati ya baridi nusu ya kuni iwe bado imesimama. Na kama mfuko hauruhusu, msione haya. Msaada wa serikali wa kupasha nyumba joto, ule tunaouita HEAP, unaweza kulipia hata kuni, si mafuta tu. Sehemu nyingi za jimbo kuna benki za kuni pia. Watu hujitolea kupasua na kugawa bure kwa waliopungukiwa. Mimi hujitolea siku za Jumamosi. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba Wamarekani nao wana maskini, na kwamba shoka langu halijasahau.

Na aliyepunjwa afanye nini? Kwanza asichome. Ukichoma ushahidi umechoma kesi. Panga, pima, piga picha tepu ikionekana, mpigie muuzaji kwa adabu. Wengine hurudi na kujaza. Asiporudi, idara ya kilimo, hifadhi na misitu ya jimbo ndiyo inayosimamia mambo ya vipimo, wapelekee. Ila watakuuliza risiti. Iandikwe kodi ngapi, mti gani, kavu au mbichi, bei gani, jina na simu ya muuzaji. Nami pesa yangu ile iliishia hapo hapo, kwa sababu nilikuwa na rundo na picha za watoto.

Chai naona tayari, lakini kabla ya chai tuna kazi. Mlipokuwa mnaingia mliona rundo nyuma ya kanisa, mkadhani ni la mchungaji. Ni langu. Nimeagiza nusu kodi, vipande vya inchi 16, asubuhi imemwagwa, na safari hii risiti ninayo. Palati zimeshalazwa. Ikipangwa kwa kimo cha futi 4, nusu kodi inatakiwa kufika urefu wa futi 12. Nimechora mstari wa chokaa hapo kwenye lami, futi 12 kamili. Vijana mlio karibu na mlango mtatangulia kubeba, mzee wa Uvira atashika tepu, na simu ya muuzaji ninayo mfukoni. Tukifika kwenye mstari nitampigia nimshukuru mbele yenu. Tusipofika, nitampigia vilevile. Haya, vaeni makoti.